Meno Niliyompa Marehemu

Katika mwaka wangu wa pili chuoni niliamini kwamba ninaujua ukweli kwa sura, na kwamba tukikutana njiani nitakuwa wa kwanza kuuamkia. Nilikuwa nikisomea habari pamoja na usanifu wa michoro, masomo mawili ambayo chuo chetu mjini Nakuru kiliyaweka chini ya paa moja ingawa walimu wake hawakukaa meza moja wakati wa chai. Mwalimu wa habari alitufundisha kwamba picha ni ushahidi, na anayeigusa ni sawa na shahidi aliyekula kiapo kisha akasema uongo. Mwalimu wa usanifu alitufundisha kwamba picha ni kama unga, na hakuna mpishi anayeuheshimu unga hata akaogopa kuukanda. Nilipata alama nzuri kwa wote wawili, lakini moyoni nilikuwa mwanafunzi wa yule wa kwanza.

Muhula mmoja tulipelekwa Molo kupiga picha za wakulima wakipakia viazi. Baridi ilikuwa imetukaza vidole, na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba. Mwenzetu mmoja alimwomba mpakiaji asogeze gunia kidogo ili lori lionekane vizuri nyuma yake. Mwalimu wa habari aliichukua kamera ya mwenzetu na kuifuta picha ile mbele yetu sote. Wenzangu walinung'unika njia nzima ya kurudi, lakini mimi nilimtetea mwalimu kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Tangu siku hiyo, bwenini walinipa cheo.

"Mheshimiwa Jaji," alikuwa akisema mmoja wao akiwa mbele ya kioo, "tunaomba ruhusa ya kupaka mafuta usoni, ama hiyo pia ni kugusa?"

Nilicheka nao, lakini sikuona kosa katika cheo hicho.

Mwishoni mwa mwaka kila mwanafunzi alipaswa kufanya kazi kwa miezi mitatu mahali panapofaa, ili ajifunze yale ambayo darasa haliwezi kufundisha. Wengine walipata vituo vya redio. Mimi nilipata duka la uchapishaji katika barabara iliyo nyuma ya soko, kwa kuwa mwenye duka alitoka upande wa Bahati kama familia yetu na alikuwa akiimba na mama yangu katika kwaya moja. Tulimwita Madam. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu na wa ulimi, aliyeendesha mashine ya kuchapa yeye mwenyewe kwa sababu, alisema, mashine ni kama mume, ukimwachia mwingine hurudi na mazoea mapya. Tulitengeneza kadi za harusi, vibandiko vya chupa za mtindi, na mabango ya mikutano ya injili. Lakini kazi iliyokuja kila wiki bila kukosa ilikuwa programu za mazishi.

Kwetu hakuna anayezikwa bila kijitabu hicho. Jalada hubeba uso wa marehemu, na chini yake tarehe mbili, ya macheo na ya machweo. Ndani huwa na ratiba ya ibada, wasifu, nyimbo, picha za ujana, orodha ya watoto na wajukuu, na shukrani za familia. Nakuru ni mji wa watu waliokuja kufanya kazi, kwa hivyo wengi huishi hapa na kuzikwa kwingine. Mwili husafiri, na katoni za vijitabu husafiri pamoja nao. Mazishi yakiisha, kijitabu ndicho kinachobaki mezani kwa watu, chini ya Biblia au nyuma ya kioo cha kabati, miaka mingi.

Siku moja ya Jumatatu aliingia mwanamume wa makamo aliyevaa suti ya kijivu, mwenye sauti ya mtu ambaye hajalala vizuri. Alikuwa amefiwa na mama yake. Familia yao ilitoka magharibi mwa nchi, lakini baba yake alikuwa ameajiriwa relini tangu ujana, na wazee hao wawili walikuwa wameishi Nakuru karibu maisha yao yote. Mwili ungeondoka Alhamisi alfajiri kwenda kuzikwa nyumbani. Alitaka nakala mia tatu.

Alitoa bahasha, na ndani yake picha moja ya karatasi.

"Hii ndiyo Mzee anataka iwekwe mbele," alisema. "Mimi ningechagua ingine, lakini hakuna. Zingine zote amefunika mdomo."

"Sawa," nikasema.

"Itengeneze vizuri. Kutakuwa na watu wa kazini kwangu."

Sikumuuliza kwa nini mama huyo alifunika mdomo katika picha zake zote. Nilikuwa nimefundishwa maswali matano ambayo kila mwandishi wa habari lazima aulize, na sikuuliza hata moja, kwa sababu sikudhani kwamba nilikuwa nikifanya kazi ya habari. Nilidhani nilikuwa nikiwasaidia watu wenye huzuni.

Picha yenyewe ilipigwa harusini. Mama mzee alikuwa amekaa kati ya wageni wawili, kitambaa cha kichwa kimeteleza upande mmoja, naye alikuwa akicheka kwa mdomo wazi kabisa. Mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya kidevu, kana kwamba ulikuwa umetoka mahali fulani na bado haujafika unakokwenda. Ilikuwa picha yenye uhai mwingi. Na katikati ya kicheko hicho, kwenye ufizi wa chini, mahali pa meno ya mbele palikuwa na pengo pana jeusi.

Nilianza kwa yale tunayofanya siku zote. Niliwakata wageni wawili, nikaukata mkono, nikaondoa ukuta wa hema na kuweka mbingu ya samawati yenye mawingu. Niliinyoosha rangi ya ngozi iliyokuwa imefifia. Kisha nikaketi nikitazama pengo. Niliwaza ugonjwa, niliwaza uzee, niliwaza hospitali ambazo hazikufikiwa kwa wakati. Nilimhurumia. Nikajiambia kwamba mtu akienda safari yake ya mwisho asiende amepungukiwa.

Sikupata meno yanayofaa katika picha nyingine yoyote, kwa hivyo nilisimama karibu na dirisha, nikavuta mdomo wangu wa chini kwa kidole, nikayapiga picha meno yangu kwa simu. Niliyahamishia kwenye uso wake. Niliyatia umanjano kidogo ili yalingane na umri, nikayachakaza ncha, nikaelekeza kivuli upande wa kushoto kama kilivyokuwa kivuli cha pua yake. Kazi hiyo ilinichukua saa mbili, na sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu zaidi. Programu ya kompyuta tunayoitumia huweka kila badiliko katika tabaka lake, kama karatasi nyembamba zilizolaliana, ili mtu akitaka kurudi nyuma ainue moja tu. Nilipomaliza niliyaunganisha matabaka yote yakawa picha moja. Sikuona kwamba kuna mtu angetaka kurudi nyuma.

Madam aliisoma kazi yote kabla ya kuchapa, kama kawaida yake, lakini aliangalia majina na tarehe tu. Ugomvi wa mazishi, alisema, huletwa na majina. Uso aliupita.

Jumanne yule mwana alikuja kuidhinisha. Nilimfungulia jalada kwenye kompyuta. Alilitazama muda mrefu bila kupepesa.

"Umejuaje?" akauliza.

Nilidhani ni sifa. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Chapa," akasema. "Chapa hivyo hivyo."

Tulichapa. Kufikia jioni nakala mia tatu zilikuwa zimekunjwa, zimetiwa pini mbili mbili katikati na kufungwa katika katoni, naye angezichukua Jumatano alasiri.

Jumatano asubuhi, kabla hata hatujafagia, mzee mmoja alisimama mlangoni amevua kofia. Alikuwa mrefu na mwembamba, amevaa koti zito licha ya jua.

"Hodi hapa."

"Karibu, mzee," Madam akasema.

"Mimi ndiye mume wa huyo mama ambaye mnatengeneza kitabu chake."

Madam alitoka nyuma ya kaunta akamshika mkono kwa mikono miwili. "Pole sana, baba. Pole sana."

"Nishapoa, mama. Nimeleta mtoto mmoja amesahaulika." Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Kitukuu alikuwa amezaliwa wiki tatu zilizopita, na jina lake halikuwa katika orodha.

Madam alizitazama katoni. "Mzee wangu, tumeshachapa."

"Zote?"

"Zote."

"Basi si neno. Huyo mwenyewe bado hajajua kusoma."

Madam alicheka kwa shukrani, kwa kuwa si wafiwa wote husamehe jina. Akafungua katoni moja na kumpa nakala. Mzee alijifuta viganja kwenye koti kabla ya kuipokea. Akavaa miwani. Akakisogeza kijitabu mbali, kisha karibu, kisha akakipeleka mlangoni penye mwangaza na kusimama huko, mgongo umetuelekea.

"Huyu mama ni wa nani?" aliuliza bila kugeuka.

"Ni wako, mzee," Madam akasema polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Ni Mama."

"Macho ni yake. Kitambaa ni chake, nilinunua mimi. Huu mdomo ni wa nani?"

Hakuna darasa lililoniandaa kwa swali hilo. Ningeweza kunyamaza, maana Madam mwenyewe hakujua. Lakini nilikuwa nimejisifu mno kwa ukweli hata nisiweze kuukimbia ukiwa umesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ni wangu, mzee," nikasema. "Hayo meno ni yangu."

Aligeuka. Alinitazama mdomo, akatazama kijitabu, akanitazama mdomo tena.

"Ni kweli," akamwambia Madam. "Ni yake kabisa."

Madam alimvutia kiti, naye akakaa. Alianza kutueleza bila hasira yoyote, na hilo lilinitesa zaidi.

"Kwetu, wakati wetu, mtoto akifika umri fulani alikuwa anakalishwa chini, anang'olewa haya ya hapa chini mbele. Hakuna dawa. Ukilia, unaaibisha nyumba yenu. Huyu hakulia. Mimi nililia."

"Wewe, mzee!" Madam akasema.

"Nililia mpaka majirani wakasikia. Nilipoenda kumposa, watu wa kwao walikuwa wanajua. Wakamuuliza, 'Utaolewa na huyo mlia meno?' Akawaambia, 'Nitamfunza kunyamaza.' Na alinifunza." Alifungua mdomo akatuonyesha ufizi wake, pengo lile lile, safi na la zamani. "Sasa hilo pengo lake ndilo lilikuwa filimbi. Nikiwa karakana ya reli, chakula kikiwa tayari, anatoka nje anapiga mluzi kupitia hapo. Wenzangu walikuwa wanasema, 'Enda, treni yako imefika.' Hakuna mwanamke mwingine pale alikuwa anaweza." Aliligusa jalada kwa kidole. "Huyu mmemtengeneza, hata akitaka kuniita hawezi."

Nyanya yangu huko Bahati alikuwa na masikio yaliyotogwa na kunyooshwa hadi ndewe zikakaribia mabega. Ningaliletewa uso wake, nisingalithubutu kuzikata ndewe zile, hata kwa amri ya mwalimu, kwa sababu nilijua zilivyopatikana na zilimfanya kuwa nani. Alama za kwetu nilizisoma bila shida. Za jirani zangu, watu niliosoma nao, nilioketi nao kanisani, ambao baba zao walijenga mji huu pamoja na baba zetu, nilizichukua kuwa hasara za mwili. Nami nilizirekebisha kwa huruma.

"Nisamehe, mzee," nikasema. "Nilifikiri ninamsaidia."

"Najua. Hakuna mtu hupewa meno na mtu anayemchukia." Kisha akauliza jambo lililomleta kwenye kiti kile na lililotushughulisha siku nzima iliyobaki. "Inaweza kurudi? Sitaki kumzika na uso mwingine."

Madam alijikuna shingo. "Mzee, aliyeleta kazi ni kijana wako. Ameiona, amekubali. Mimi siwezi kubadilisha kazi ya mtu nyuma yake."

"Sawa. Kijana ni mteja wako. Lakini mke ni wangu."

Niliomba nipige simu mimi. Madam alisita, kisha akanipa namba. Nilimweleza yule mwana kwamba baba yake yuko dukani, kwamba ameliona jalada, na kwamba meno yale niliyaweka kwa mawazo yangu bila kumuuliza mtu.

"Nani alimwonyesha?"

"Alikuja mwenyewe."

Nilisikia pikipiki zikipita mahali alipokuwa.

"Usiguse kitu," akasema. "Nakuja."

Sikuchapa kitu. Lakini niliifungua tena picha ya awali kama tulivyoipokea, na kwa kuwa nilikuwa nimeyaunganisha matabaka yangu, ilinibidi kuanza upya kabisa. Mzee alisogeza kiti chake karibu na kompyuta. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutengeneza uso wa mtu nikiwa nimeketi na anayeujua.

"Mkono uko wapi?" aliuliza nilipoanza kukata.

"Huwa tunauondoa, ili uso ubaki peke yake."

"Usiuondoe. Huo mkono ndio ulikuwa umefunika. Alikuwa anafunika kila wakati mbele ya kamera. Siku hiyo nilimwambia kitu kwa sikio, akasahau, mkono ukaanguka. Kamera ikamnasa."

"Ulimwambia nini?" Madam aliuliza kutoka upande wa mashine.

"Mama, wewe chapa karatasi zako."

Nikaurudisha mkono. Nilipofika kwenye mbingu, nilimuuliza kama niache ukuta wa hema. Alifikiri. "Hayo mawingu yaache. Hayana neno. Anaweza kuyapenda."

Yule mwana aliingia kwa haraka, akapunguza mwendo alipomwona baba yake ameketi mbele ya kompyuta na uso wa mama yake umejaa kioo chote, pengo na mkono na kicheko. Alimsalimu kwa heshima. Hakuketi.

"Baba, tulikubaliana niachie mambo ya programu."

"Nilikuachia. Nilikupa picha, nikakuachia."

"Kutakuwa na watu wa ofisi. Kutakuwa na mkubwa wangu."

"Waambie ni mama yako. Watamjua."

"Si hivyo, Baba." Alijipangusa uso kwa kitambaa. Sisi wawili, mimi na Madam, tulijifanya tunahesabu karatasi. Chumba kilikuwa kidogo, na hapakuwa na mahali pa kwenda. "Unajua ni kwa nini alikuwa anafunika mdomo?"

"Ni heshima. Alianza alipookoka. Ni mchungaji alikuwa anawaambia wamama wasicheke ovyo."

"Hapana, Baba. Ni mimi."

Mzee alivua miwani.

Mwana alieleza akiwa amesimama, akiangalia sakafu kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Alikuwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Siku ya wazazi mama yake alikuja na chapati ndani ya ndoo yenye kifuniko, akazungumza na mwalimu wa darasa, na mwalimu akasema jambo lililomfanya acheke. Wavulana waliona. Kwa wiki mbili kila alipopita walivuta ndani midomo yao ya chini na kupiga mluzi. Alipokwenda nyumbani likizo alimwambia, "Mama, ukija tena shuleni usicheke."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Alikuja muhula uliofuata, amefunika hivi." Aliinua mkono wake mwenyewe hadi mdomoni, akauteremsha upesi. "Nilifikiri ni shuleni tu. Kumbe hakuacha. Miaka yote hiyo, hakuacha. Na mimi sikumwambia aache."

Mashine ilikuwa imezimwa. Nje mtu alikuwa akitangaza bei ya nyanya kwa kipaza sauti. Mzee alikaa akiisugua miwani kwa pindo la koti, muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

"Na nimemchukia huyo mchungaji," akasema mwishowe. "Nimemchukia mpaka akahamishwa."

Mwana alitoa sauti ambayo sikujua kama ni kicheko. Kisha akanigeukia. "Nilipoona umemwekea meno, nilifikiri labda kuna mtu alikuambia. Nikafikiri, angalau sasa hakuna mtu atamcheka."

"Sasa nani atamcheka?" mzee akasema. "Watu wanaokuja kulia?"

Mwana alisogea hadi kwenye kompyuta na kuinama. Aliutazama mkono ulio chini ya kidevu, ule ambao mimi niliukata bila kujua ulikotoka. Alipoinuka alivua koti la suti, akalitundika kwenye msumari wa kalenda.

"Madam," akasema, "hizi pini zinatolewaje?"

Jalada katika kijitabu cha aina hiyo ni karatasi moja kubwa inayokunjwa na kushikwa na pini pamoja na kurasa za ndani. Ukizitoa pini, jalada hutoka bila kuidhuru kazi nyingine. Madam alikuwa na karatasi ngumu ya kutosha, iliyowekwa kwa ajili ya harusi ya wiki iliyofuata. "Bibi harusi atangoja," alisema, "na akikataa kungoja nitamwambia ajiulize kama yuko tayari kuolewa." Aliwasha mashine. Upande wa ndani wa jalada, penye shukrani za familia, nilipata nafasi ya mstari mmoja, na kitukuu wa wiki tatu akaingia.

Tulifanya kazi hiyo tangu saa tano hadi saa kumi. Mwana aling'oa pini kwa kikoleo kidogo, mimi nikabadilisha majalada, Madam akatia pini mpya kwa stepla ya mkono mrefu. Mzee alikataa kwenda kupumzika. Alizipokea nakala zilizokamilika na kuzipanga kumi kumi, na kila mara alipogeuza moja alisema, "Haya," kwa sauti ndogo, kama mtu anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini.

Vidole vyangu vilipokuwa vikifanya kazi, nilikuwa na wakati wa kuwafikiria walimu wangu. Yule wa usanifu angesema nimefanya kazi safi mara mbili. Yule wa habari angesema nilistahili kufutiwa picha mbele ya darasa, na angekuwa na haki. Lakini hata kanuni yake isingaliniokoa kabisa, kwa kuwa ningaliweza kuyaacha meno bila kuyagusa, na bado ningaliukata mkono, kwa sababu kukata ukingo wa picha hakuitwi kosa na mtu yeyote. Nilikuwa nimejifunza mambo mengi kuhusu nyuso pasipo kujifunza kumuuliza mwenye uso. Kuuliza huko kungenichukua dakika moja Jumatatu. Mzee alikaa nyumba za reli, mwendo wa robo saa kwa miguu.

Kazi ilipokwisha, majalada ya zamani yalikuwa yamejaa chini ya meza. Kwa kawaida karatasi zilizoharibika Madam huwapa wauza mandazi wa sokoni. Alikuwa ameanza kuyakusanya mzee aliponyoosha mkono.

"Hapana, mama. Uso wa mtu haufungi mandazi, hata kama ana meno ya wengine. Tutaenda nazo. Nyumbani kutakuwa na moto wa matanga, nitazichoma mwenyewe."

Nikayafunga kwa kamba, mafurushi matatu. Mzee alinitazama nikifunga. "Na wewe, usihuzunike sana," akasema. "Meno yako yote bado unayo. Nimehesabu."

Mwana alibeba katoni hadi garini, akarudi kuchukua mafurushi. Aliinua mawili. Mbele ya la tatu alisimama, mkono juu ya kamba, akinitazama mimi na si baba yake.

"Moja niachie," akasema.

"Ya nini?" mzee akauliza kutoka mlangoni.

"Nikumbuke kile nilimwomba."

Mzee aliivaa kofia yake, akaiweka sawa mbele, kisha nyuma. Nilisubiri, kwa kuwa safari hii nilijua ni nani wa kungoja neno lake.

"Mpe," akaniambia. "Lakini asiitundike ukutani."

Nilifungua furushi, nikatoa jalada la juu, nikampa. Alilikunja uso ukiwa ndani, akalitia katika mfuko wa koti lililokuwa bado msumarini, akalivaa, na wakatoka.